Mdogo wangu, toa kwanza kitanda

Mdogo wangu,

Jambo sana. Picha ulizonitumia nimeziona zote, zile za vyumba vyeupe vyenye makabati ya kioo na nyuzi zilizopangwa kwa rangi kuanzia nyekundu mpaka zambarau. Vinapendeza. Ila nimezitazama moja moja nikitafuta mahali ambapo mwenye chumba anakatia kitambaa, sikupaona. Hata pasi haimo. Ninakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu tangu kijana wako aende Kolwezi akuachie chumba chake, na wewe uanze kutangaza kwamba una chumba cha kushonea, marafiki zako nao wameanza kuniuliza swali lako lilelile: chumba hicho kipangwe vipi?

Kabla ya kuwaza rafu, toa kitanda. Najua utaniambia kibaki tu kwa ajili ya wageni wa Likasi. Kitanda kikibaki, hicho ni chumba cha kulala chenye cherehani ndani, na siku mama mkwe atakapofika utakuta vikwembe, yaani vitenge, vya wateja vimehamishiwa jikoni, karibu na mafuta ya mawese. Wageni watalala sebuleni kwenye godoro, hawatakufa.

Kitanda kikishatoka, ingia asubuhi, rudi tena alasiri, uone mwanga unatokea wapi. Wengi wanaofundisha kwenye video wako Ulaya au Marekani, nao wanasisitiza dirisha la kaskazini, kwamba mwanga wake umetulia. Kwao ni kweli. Sisi Lubumbashi tuko kusini mwa ikweta, digrii 11 na zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Mwezi wa sita dirisha la kaskazini linaingiza jua lenyewe mpaka mezani, linakuumiza macho na kupausha kitambaa ulichokiacha wazi. Kwetu dirisha zuri ni la kusini. Ni kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi mpaka katikati ya mwezi wa pili tu ndipo jua linahamia upande huo, na wakati huo mawingu ya mvua yanatusaidia. Kama dirisha lako ni moja na linatazama kaskazini, tundika pazia jeupe jepesi, basi. Cherehani ikae dirisha likiwa kushoto kwako. Sindano iko upande wa kushoto wa mashine; mwanga ukitokea kulia, mashine yenyewe inatia kivuli palepale unaposhona.

Meza ya kukatia usiinunue. Kikwembe cha yadi mbili kina urefu wa sentimita 183 hivi, na upana wake ukikunjwa katikati ni kama sentimita 60. Mlango wa mbao wa zamani una karibu mita mbili kwa sentimita 80. Ulaze juu ya miguu ya mbao, kipande chote kinalala juu yake bila kuning'inia, nawe unakata mkono ukiwa huru. Mwambie seremala miguu iwe mirefu kuliko ya meza ya kula. Simama, kunja kiwiko, meza iishie chini yake kidogo. Kwa wengi wetu ni karibu sentimita 90. Mafundi wetu wanakata wameinama juu ya meza za kula miaka na miaka, mgongo ukiuma wanasingizia uzee.

Kutoka hapo chumba kinajipanga chenyewe ukifuata nguo inakopita: inakatwa, inashonwa, inapigwa pasi, inatundikwa. Meza, cherehani, pasi, kamba ya kutundikia, vifuatane hivyo, usilazimike kuzunguka chumba na shati lenye mkono mmoja. Cherehani ya kukanyaga usiiuze hata ukipata ya umeme. Umeme wetu unaujua. Na siku utakaporudi kwenye pasi ya makala, yaani ya mkaa, iwashie nje, uitumie barazani au mlangoni kwenye hewa. Moshi utauona, lakini ile hewa ya makala inayoua huioni wala huinusi, nawe utakuwa umefunga madirisha kwa sababu ya vumbi.

Sasa sikiliza hili la mali ya watu, maana ndilo linalovunja urafiki. Kitambaa chako na kitambaa cha mteja visikae rafu moja kamwe. Mteja akifika, tandaza kikwembe chake mezani mbele yake, upime kwa futi, uandike yadi alizoleta kwenye kadi, yeye akiona. Kadi ibebe jina, vipimo, siku ya kuchukua na mtindo aliouchagua, halafu uitoboe na kuifunga kwa pini kwenye ukingo wa kitambaa, pale penye maandishi ya kiwanda. Kila mteja mfuko wake, na kadi haitoki mpaka nguo imekwisha. Unaona ni kazi ya karani? Subiri msimu wa harusi. Familia nzima inavaa kikwembe kimoja: wanawake kumi wanaleta mzigo wa rangi moja, ua moja, huyu yadi sita, yule nne, mwingine ameazima mbili kwa wifi yake. Mifuko ikichanganyika hapo hakuna jicho litakalotenganisha, na kila mmoja atakumbuka alileta sita.

Masalio nayo ni ya mwenye kikwembe. Yakunje, yafunge kwa kitambaa chembamba, uyaweke ndani ya nguo iliyokwisha, hata kama ni vipande vya kufunika chungu tu. Ule ukanda wenye maandishi usiutupe, urudishe pamoja nayo, kwa sababu kuna wanaotazama kwanza kama ulishona kile walicholeta au umewabadilishia na cha bei ndogo. Mtaani kwetu Katuba kuna fundi ana mkono mzuri kuliko wangu, lakini watu wameacha kwenda kwake kwa sababu walimwona binti yake kanisani na kilemba cha maua ya mteja. Mteja akikuachia masalio kwa hiari, mwambie aandike kwenye kadi.

Vitu vidogo havistahili maneno mengi. Vifungo kwenye chupa unazoona ndani yake, zipu zipitishwe kwenye waya kama samaki wa kukausha, uzi ndani ya boksi lenye kifuniko, kwa maana vumbi jekundu la mwezi wa nane linaingia hata kwenye bobini. Mkasi wa kitambaa ufungie utepe na uapishe watoto: ukikata karatasi za shule siku chache tu, utatafuna kikwembe badala ya kukikata. Sindano badilisha mara unaposikia zinapiga kitambaa kwa kishindo. Watu wanasubiri ivunjike, huku imeshavuta nyuzi za nguo nzima.

Rafu zisiguse ukuta wala sakafu. Umezaliwa katika mji wa vichuguu, sihitaji kukueleza mchwa. Weka miguu ya rafu juu ya matofali, acha nafasi ya mkono mmoja nyuma, na kila unapofagia chungulia kama kuna vile vijia vya udongo vinapanda. Mchwa wakianza mbao, watafika kwenye vitambaa vya pamba.

Limebaki la shemeji. Uliniandikia kwamba anaomba pembe moja ya chumba achongee malakiti zake, yale mawe ya kijani ya mikufu, pembe ndogo tu. Mheshimu, mpikie, lakini katika hili jibu ni hapana, na kama unaogopa kumwambia mwonyeshe barua hii. Malakiti ina shaba ndani yake. Ikisagwa kavu inatoa unga wa kijani mwembamba kabisa, unatua juu ya blauzi nyeupe ya ubatizo na unaingia kifuani kwako na kwa watoto. Hata yeye hapaswi kuisaga kavu: jiwe liwe na maji muda wote, yeye avae barakoa, na kazi ifanyike uani chini ya paa dogo la mabati. Akishamaliza kung'arisha na kuosha, mkufu uliokamilika unaweza kuingia chumbani kwako na kuning'inia karibu na nguo zinazosubiri wenyewe. Mwanamke anayejaribu gauni jipya ataununua bila kushawishiwa. Hapo shemeji ataelewa haraka.

Seremala akija, asikate chochote kabla hajapima mlango wa chumba pamoja na ile kona ya koridoni. Miguu ya meza itengenezwe ya kukunja au ya kufungwa kwa bolti, iingie vipande vipande. Nitumie vipimo vya dirisha kwa WhatsApp, nami nitakukatia pazia kutoka kwenye kile kitambaa cheupe nilichonacho.

Dada yako wa Katuba