Stilihedi hapatikani dukani, kaangalie mto kwanza

Kwa Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naishi huku jimbo la Washington, pembeni kabisa upande wa bahari ya Pasifiki, na leo nimeona nishike kalamu (haya, nishike simu) kwa sababu ya yule msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa wenu wa barua kwamba amehamia Marekani na anataka kuanza kuvua stilihedi mtoni, sasa anunue fimbo gani na chambo cha rangi gani. Wamemjibu watu watatu na wote watatu wanamtajia vitu vya kununua. Hakuna hata mmoja aliyemwambia samaki mwenyewe anakaa wapi. Nikasema hapana, huyu ndugu atamaliza hela yote afu arudi nyumbani na mafua tu.

Kwa wasiomjua, stilihedi ni trauti, yule yule trauti wa upinde wa mvua, hata jina lake la kisayansi ni hilo hilo moja, Oncorhynchus mykiss. Tofauti ni kwamba huyu anazaliwa mtoni, anakaa humo mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, anashuka baharini anakula miaka mingine kadhaa, ndo anarudi mtoni kutaga akiwa na kilo tatu, nne, na wakubwa wanapita kilo tisa. Na sio kama samoni wa Pasifiki ambaye akishataga ndo basi tena, anakufa, huyu wengine wanateremka zao baharini na baadaye wanapanda tena. Sasa kitu ambacho anayeanza haambiwi ni kwamba stilihedi akipanda mto wakati wa baridi hajaja kula. Yuko safarini. Anapanda, anachoka, anatafuta pa kupumzikia, anaendelea. Kwa hiyo we usitafute palipo na chakula, tafuta pale ambapo ungekuwa wewe umetembea na mzigo mkondo unakupiga kifuani ungesema hapa nipumue kidogo.

Mi mwenyewe nililijua hili kwa aibu. Msimu wangu wa kwanza nilitoka kapa, na sisemi siku ya kwanza, nasema msimu mzima, kuanzia Desemba mpaka Machi. Nilikuwa na kila kitu, fimbo mpya, rili mpya (kile kigurudumu cha kukunjia uzi), kisanduku cha vyambo bandia utadhani duka la shanga, na kila nikifika mto Bogachiel nilikuwa naingia moja kwa moja mpaka maji ya mapajani afu narusha mbali kabisa, ng'ambo ya pili, maana akilini mwangu samaki mkubwa lazima awe mbali. Siku moja asubuhi kuna ukungu, nimesimama kama hatua nne kutoka ukingoni, nikageuka nitengeneze uzi uliojikunja, nikaona kivuli cha kijivu kinatoka pembeni ya buti langu la kushoto. Sio mbali, pembeni ya buti. Kirefu kama mkono wangu kuanzia begani, kikapinda mara moja maji yakachora mstari wa mshale juu, kikapotea. Nilisimama pale mdomo wazi. Miezi mitatu nilikuwa naingia na viatu chumbani kwao halafu narusha ndoana uani.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukifika mtoni usiingie. Simama nyuma, mbali kidogo na maji, angalia dakika kumi hata kama wenzako wanakuona mshamba. Tafuta maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, sio anayekimbia, wala sio yaliyolala kabisa kama bwawa. Kina kiwe cha kiunoni mpaka kupita kichwa kidogo. Tafuta mshono, yaani ule mstari ambapo maji ya kasi yanagusana na maji ya taratibu, mara nyingi utaona povu linasafiri juu yake kama kamba, samaki analala upande wa taratibu lakini karibu na kasi. Tafuta jiwe kubwa lililozama, na usiangalie nyuma yake tu, hata mbele yake kuna kamto kadogo, kama mto wa kulalia, maji yanakopungua nguvu. Na pale mwisho wa kidimbwi maji yanapoanza kuwa membamba kabla hayajaporomoka, hapo samaki aliyetoka kupanda maporomoko anasimama kuvuta pumzi, mi hapo napapenda kuliko kwote. Maji yakiwa mengi na yamechafuka wanasogea ukingoni kabisa, hatua mbili kutoka nchi kavu, ndo maana mrusho wa kwanza unapigwa ukiwa bado hujalowa kiatu.

Halafu kuna rangi ya maji. Huku mvua ni ya kwao, mji wa Forks unapata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, kwa hiyo kila mara mto umejaa au ndo unashuka. Unaopanda na umekuwa kama chai ya maziwa, lala. Unaoshuka, umeanza kugeuka kijani cha chupa, ukisimama maji ya magoti unaona vidole vya buti lakini ukifika mapajani huvioni tena, hapo omba ruhusa kazini. Vipimo vya kiwango cha mto vinatolewa na serikali bure, unaviangalia kwenye simu kabla hujawasha gari, na usidhani mito yote inasafika pamoja. Mto Sol Duc unasafika mapema, mto Hoh unatoka kwenye barafu la mlima Olympus ule unachelewa na hata ukiwa mzuri una weupe fulani hivi. Nimeendesha gari masaa matatu usiku kwenda kuangalia matope, siwezi kusahau. Na baridi ikizidi, maji yakishuka chini ya nyuzi 4, samaki anakuwa mvivu, hasogei kufuata kitu, itabidi umpelekee mpaka mdomoni kwenye maji ya taratibu zaidi na ya kina.

Vifaa haya tuviseme maana ndo aliuliza. Fimbo ya futi tisa na nusu mpaka kumi na nusu, rili ya kawaida yenye breki laini, uzi wa pauni kumi au kumi na mbili, kiboya, na jigi, kile kindoana chenye kichwa cha madini ya risasi na manyoya. Imeisha. Kuna wanaovua kwa chubwi linalogongagonga chini, kuna wa nzi bandia na fimbo ndefu za mikono miwili, wote wanapata, ila kwa anayeanza kiboya kinakufundisha kwa macho. Pima jigi ielee kama sentimita thelathini juu ya sakafu ya mto, maana samaki anatazama mbele na juu, ikipita chini yake haioni. Rusha juu kidogo ya pale unapolenga, nyanyua fimbo uzi usilale majini. Hapa ndo wengi tunaharibu, uzi ukilala mkondo unaupinda katikati kama tumbo, tumbo linavuta kiboya, kiboya kinakimbia kuliko maji na jigi inaruka kama mbuzi, hakuna samaki mwenye akili atakayeifuata. Kiboya kisimame wima kitembee na povu la jirani yake. Kikisita, kikizama, hata kikiyumba tu bila sababu, vuta. Mara tisini kati ya mia litakuwa jiwe. Na ukimaliza mstari mmoja sogea mbele hatua mbili tatu, usikae sehemu moja saa nzima kama unasubiri basi, huyu samaki wenyewe huku wanamwita samaki wa mirusho elfu na hawatanii.

Wangu wa kwanza alikuja msimu wa pili, mwezi wa pili, hatua tatu kutoka ukingoni. Kiboya hakikuzama, kilisimama tu wakati povu linaendelea. Nikavuta nikijua ni jiwe, jiwe likatikisa kichwa. Nilichofanya ni kosa, nilikamata mkono wa rili nikaung'ang'ania na yeye akakimbia, mkono wa rili ukanipiga vifundo vya vidole mpaka damu, na sijui uzi ulinusurikaje. Akikimbia mwache akimbie, breki ndo kazi yake, akisimama ndo unazungusha.

Na alipofika kwenye maji ya kifundo cha mguu, swali la kwanza ni pezi. Kati ya pezi la mgongoni na mkia kuna kipezi kidogo chenye nyama, wanaita pezi la mafuta. Kama kipo, huyo ni wa asili, hapa Washington unamwachia, na hauruhusiwi hata kumtoa mzima mzima nje ya maji kwa ajili ya picha. Kama kimekatwa na pana kovu lililopona, huyo amezalishwa kwenye kituo cha kuzalishia samaki, huyo kama mto unaruhusu unaweza kubeba na unamwandika kwenye kadi yako ya kuandikia samaki unaobeba, hapo hapo, sio ukifika nyumbani. Wa kituoni wengi wanakuja Desemba na Januari, wa asili wanazidi Februari mpaka Aprili. Wangu alikuwa nacho hicho kipezi. Nililowesha mikono kwanza maana mikono mikavu inawatoa ule ute, nikamshika shina la mkia kichwa kikitazama mkondo, nikasubiri mpaka yeye mwenyewe akajikwamua. Ndoana ilitoka kirahisi sababu ile ncha ya kurudi nyuma nilishaibana kwa plaizi nyumbani, sheria nyingi za huku zinataka hivyo. Sheria zinabadilika katikati ya msimu pia, Desemba 2020 kwenye mito ya pwani walisimamisha kuvua ukiwa ndani ya boti na chambo cha kweli vile vile, kwa hiyo soma za wiki hiyo hiyo, usiniamini mi wala wale watatu.

Mawili ya haraka. Ile ovaroli ya kuingilia majini, mkanda wa kiunoni ni lazima, ukianguka bila mkanda inajaa maji na sitaki kuendelea kusimulia. Na kuanzia mwisho wa baridi ukiona kipande cha changarawe kimesafishwa, cheupe kuliko majirani zake, ukubwa kama meza, zunguka, hapo kuna mayai.

Sawa, na ile rangi ya chambo aliyouliza, waridi. Maji yakichafuka kidogo, chungwa.

Ni mimi msomaji wenu,
Washington, Marekani