Kwa vijana wa Kaloleni mnaosomea mtihani wa maafisa wa Jeshi la Wanahewa

Wanangu,

Nimeyaona makaratasi mnayopitishiana pale maktaba, yale mliyouziwa kwa simu mkaambiwa ndiyo maswali yenyewe. Nimewasikia mkikariri majibu: A, C, C, B. Nawapenda, ndiyo maana nawaambia bila kuzunguka: yatupeni. Aliyewauzia hajui mtaulizwa nini. Na hata angejua, atakayefika Chuo cha Kijeshi cha Lanet, wanakofunzwa maafisa, kwa majibu ya kukariri, huko darasani atajibu nini?

Mimi si mwanajeshi. Nimefundisha hesabu na fizikia hapa Eastlands, Nairobi, mpaka nikastaafu, kwa hivyo nisikilizeni kama mwalimu.

Chukueni swali hili. Kutoka Nairobi hadi kambi ya wanahewa ya Laikipia, kule Nanyuki, ni kama kilomita 150 kwa njia ya angani. Ndege inakwenda kilomita 250 kwa saa. Siku isiyo na upepo itatumia dakika 36 kwenda na 36 kurudi, jumla 72. Sasa kuwe na upepo wa kilomita 50 kwa saa, unaoipinga ndege ikienda na kuisukuma ikirudi. Safari nzima itachukua dakika ngapi?

Wengi wenu mtajibu papo hapo: 72, kwani upepo umepunguza huku ukaongeza kule. Haya, shikeni penseli. Kwenda, kasi inabaki 200, hizo ni dakika 45. Kurudi, kasi inakuwa 300, dakika 30. Jumla 75. Zile dakika tatu zimetoka wapi? Ndege imekaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisaidia, kwa hivyo ilichopoteza kwenda haikukipata chote kurudi. Na angani dakika tatu ni mafuta. Kijana anayeweza kunieleza hilo kwa maneno yake mwenyewe, bila kalkuleta, sina wasiwasi naye hata wakibadilisha namba zote. Aliyekariri "75" hajapata kitu.

Hivyo hivyo kwenye fizikia. Mkiulizwa kwa nini ndege ileile, yenye mzigo uleule, inahitaji kukimbia masafa marefu zaidi ili iruke Nairobi kuliko Mombasa, msinipe jibu la neno moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi. Mabawa yanapata hewa kidogo ya kuyainua, na injini inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Ndege lazima ikimbie zaidi kabla ya kunyanyuka. Jua la saa nane mchana linaifanya hewa iwe nyepesi hata zaidi. Ukishaielewa sababu, unaweza kuzijibu na zile hoja za ziada ambazo mtu wa mahojiano atakuongezea akitaka kuona kama unafikiri au umekariri tu.

Jifunzeni mkiwa mmeweka saa mezani. Swali likikukatalia, liruke, urudi baadaye. Nimewaona watoto hodari wakifia kwenye swali la nne na karatasi ina maswali mengi mepesi huko mbele. Lugha msiidharau: someni gazeti kila siku, kisha fungeni mueleze habari kwa sentensi tatu. Mbio mnajua wenyewe, kimbieni.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi ya mengine, nalo ni macho. Kama ndoto yako ni urubani, nenda ukapimwe macho kabla hujaanza, na uombe kipimo cha rangi, kile cha kusoma tarakimu iliyofichwa ndani ya vitone. Kilibuniwa na daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, na kinatumika hadi leo. Kutotofautisha nyekundu na kijani ni jambo la kurithi, huwapata wavulana zaidi, na mwenye nalo anaweza kufika miaka ishirini bila kujua. Usiku bawa la kushoto la ndege huwa na taa nyekundu na la kulia kijani. Ukiziona zote mbili mbele yako, nyekundu ikiwa upande wako wa kulia, basi ndege hiyo inakuja kwako uso kwa uso. Asiyeona tofauti ya rangi hizo atajuaje? Ukigundua mapema una tatizo hilo, jeshi bado lina wahandisi na kazi nyingi za afisa asiye rubani. Uliza masharti ya kila moja ungali na muda.

Na pesa. KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, imetangaza mara nyingi kwamba usajili ni bure, na watu wamekamatwa wakiwa na barua feki za kuitwa jeshini. Anayemwambia mama yako auze kiwanja ili "akuwekee jina" ni mwizi, hata akija na sare. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka kadeti, yaani anayeingia kufunzwa uafisa, awe na umri wa miaka 18 hadi 26 na wastani wa B katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Tangazo likitoka, lisome mwenyewe neno kwa neno, usisimuliwe.

Ninyi wasichana mlioniuliza kama hizi ni juhudi za bure: Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed aliteuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa la Kenya, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Kwenye somo letu la Jumamosi kaeni mbele, si kule nyuma karibu na dirisha.

Nitakuwa pale maktaba kuanzia saa tatu asubuhi. Leteni penseli na karatasi tupu, simu tutaziweka kwenye kikapu mlangoni. Tutaanza na upepo wa ubavuni, maana huo unataka pembetatu na wengi wenu mmezisahau.

Mwalimu wenu,
Buruburu