Barua ya wazi kwa Balozi wa Eritrea nchini Kenya: Massawa si vifaru vitatu tu

Mheshimiwa Balozi,

Salamu kutoka Mombasa. Kila Februari nchi yenu huadhimisha Operesheni Fenkil, mapigano ya 1990 ya kuuteka mji wa bandari wa Massawa kutoka kwa jeshi la Ethiopia, na picha zinazotufikia huku ni zile zile: vifaru vitatu vya vita juu ya jukwaa lao kisiwani Taulud, sehemu ya mji huo. Sina ugomvi na vifaru. Aliyesikia habari za mapigano ya Salina, hapo hapo Massawa, mwishoni mwa 1977, wapiganaji wa EPLF, chama kilichopigania uhuru wa Eritrea, wakivuka madimbwi ya chumvi chini ya mvua ya risasi na mji wasiupate, ataelewa kwa nini ushindi wa 1990 ulistahili mnara. Safari hiyo walikuja kwa nchi kavu na kwa boti ndogo za kasi, kuanzia tarehe 8 Februari, na baada ya siku chache bandari ikawa mikononi mwao. Jeshi la Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati huo, lililokuwa Asmara likabaki kulishwa kwa ndege, hadi liliposambaratika Mei 1991.

Langu ni kuhusu yaliyofuata. Mji ulipokwisha kutekwa, ndege za serikali ya Addis Ababa zilirudi kuupiga mabomu. Raia waliuawa. Chakula cha msaada kiliungua ghalani, tena nchi ikiwa na njaa. Nyumba za matumbawe za tangu enzi za Waturuki zilibomolewa, na ikulu ya Taulud, ambayo kuba lake lilitobolewa vitani, imebaki gofu.

Nyumba hizo sisi wa pwani tunazijua: kuta nene, chokaa, roshani za mbao. Lamu na Unguja wapo mafundi waliorithi kazi hiyo, na watakwambia kwamba ukuta wa matumbawe ukiupiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani na kuula taratibu. Haraka ya kukarabati inaweza kumaliza kilichosazwa na mabomu.

Waambie wakuu wako, ambao Asmara yao iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017, wawaalike mafundi hao Massawa kabla ya kumwita mkandarasi yeyote. Na pale kando ya vifaru yaandikwe majina ya raia waliouawa na mabomu, Waislamu kwa Wakristo, watoto kwa wazee, maadamu jamaa zao wanaoyakumbuka wangali hai.

Wako,
Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa