Barua kwa somo yangu aliyezima simu

Ujiji, Kigoma
12 Machi 2025

Kwako somo yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, funga inaendelea vizuri, tumeingia kumi la pili. Barua hii anakuletea kijana wa jirani yangu anayesoma chuo huko Tabora, anapanda treni kesho. Nimeona niandike kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani, na hii ni wiki ya tatu.

Najua kwa nini haipatikani. Ijumaa iliyopita nilikuwa nakoroga uji wa futari, ukaingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua. Umeandikwa jina lako kamili, kwamba umekopa kwenye programu ya simu, unakwepa kulipa, na kwamba mimi ni mtu wako wa karibu, nikwambie ulipe kabla ya saa sita mchana wa kesho yake, la sivyo picha yako itasambazwa. Mwishoni kulikuwa na tusi ambalo sitaliandika hapa.

Somo yangu, sikukukasirikia hata chembe. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, kwa sababu mwaka jana mwezi wa saba aliyezima simu nilikuwa mimi. Wewe hukujua kwa kuwa sikukwambia. Acha nikusimulie sasa.

Unakumbuka Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Tangazo tulilisikia mapema, siwezi kusema tulishtukizwa. Lakini mimi mwezi wa tatu nilikuwa nimekopa milioni mbili kwenye kampuni moja ya mikopo hapa mjini, nilipe laki moja kila Jumatatu kwa wiki 24. Nilijiambia ziwa likifungwa nitakuwa na dagaa wakavu wa kutosha kuuza. Mvua ikanikuta na dagaa mchangani, nusu ya mzigo ukaoza. Ziwa lilipofungwa nilikuwa nimelipa marejesho manane tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani na wewe umelifanya. Nilikopa ili nilipe mkopo. Nilikwenda kwa mtu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, akanipa laki tatu, nimrudishie elfu kumi na tano kila siku kwa siku 30. Piga hesabu, mwalimu: ni laki nne na nusu. Nusu nzima ya fedha aliyonipa, kwa mwezi mmoja. Laki tatu zile zikalipa Jumatatu tatu za kampuni, zikaisha. Nikamlipa yule bwana siku kumi kwa kuuza vitenge vyangu na kuku, kisha nikakwama. Nilikuwa nimeshatoa laki moja na nusu na bado nadaiwa laki tatu kamili, kama vile sijamlipa hata senti.

Nikaanza kujificha. Afisa mikopo alikuwa binti mpole, anakuja na pikipiki. Nikisikia mlio naingia chumbani. Mwanangu mdogo nilimfundisha aseme mama kaenda Kibirizi. Siku moja akaja bibi yake mzaa baba, kuja kutusalimia tu, na yule mtoto akamkimbilia mlangoni akamwambia, bila kuulizwa, "Mama hayupo, kaenda Kibirizi." Nilimsikia nikiwa nimeketi kitandani. Mtoto alishajua kuwa kazi yake ni kunificha. Nadhani ni siku ile nilipochoka.

Usiku ule nilichukua daftari langu la dagaa nikaandika kila ninayemdai na kila anayenidai. Yalinichukua mpaka alfajiri, na wala madeni hayakuwa mengi. Kampuni: milioni moja na laki tatu. Kikoba chetu: laki tano na nusu pamoja na riba. Kausha damu: laki tatu. Mwenye mtumbwi wa Katonga aliyenipa mali kauli, nichukue mzigo nilipe baadaye: laki moja na nusu. Jumla milioni mbili na laki tatu. Utashangaa nikikwambia kwamba nilipata usingizi baada ya hapo. Kichwani deni lile lilikuwa halina mwisho. Kwenye daftari lilikuwa na tarakimu saba.

Kisha nikampa baba watoto daftari alisome. Hakusema neno mpaka baada ya adhuhuri. Alipokuja kusema, aliuliza tu, "Yupi anakula zaidi?" Swali lile ndilo lililonipa njia. Nilikuwa nawapanga kwa ukali: anayepiga kelele zaidi ndiye ninayemfikiria kwanza. Yeye alitaka nimtazame yule ambaye deni lake linakua kwa kasi.

Aliyekula zaidi ni kausha damu. Niliuza cherehani aliyoniachia marehemu mama, unaijua, ile uliyoshonea sare zetu mwaka ule wa likizo ndefu. Nilipata laki mbili na nusu. Nikaenda nayo kwa yule bwana, lakini sikwenda peke yangu. Nilikwenda na kaka yangu na mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia: ulinipa laki tatu, nimeshakulipa moja na nusu, hii hapa mbili na nusu kwa mkupuo, tuandikiane kwamba tumemalizana. Alifoka, akataja faini, akataja polisi. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba kushindwa kulipa mkopo ni jambo la madai, mwenye malalamiko aende mahakamani, na huko ataulizwa leseni yake ya kukopesha. Akazihesabu, akasaini. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Mwenye mtumbwi alikuwa rahisi kuliko wote. Ziwa limefungwa kwake pia. Alisema nilete likifunguliwa, na mwezi wa tisa nikapeleka. Kikoba niliwaeleza kikaoni, mbele ya wote, na hilo lilinitoa jasho kuliko kausha damu, kwa sababu wale ni wanawake ninaozikana nao. Walikubali deni likatwe kwenye hisa zangu za laki nne tukivunja kikoba mwezi wa 12, na laki moja na nusu iliyobaki nilipe mwezi wa kwanza. Desemba wenzangu waliondoka na fedha zao, mimi nikaondoka na daftari lililofutwa.

Kampuni ndiyo nataka uisikilize vizuri, maana ya kwako inafanana nayo. Nilikwenda ofisini mwenyewe, kabla hawajanifuata tena. Nilikwenda na karatasi. Nilieleza kazi yangu ilivyo: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukipevuka taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala karibu wiki nzima. Rejesho la kila Jumatatu halijui mwezi. Hata ziwa likiwa wazi, kila mwezi kuna Jumatatu moja ambayo nilikuwa naikopea. Nikaomba wanipangie upya: nianze Septemba, nilipe elfu sitini kwa wiki tatu za kila mwezi, wiki ya mbalamwezi nipumzike.

Mara ya kwanza walinikatalia. Waliniambia mfumo haukubali. Nilirudi wiki iliyofuata na kaka yangu ambaye ndiye mdhamini wangu, nikaomba kumwona meneja. Yule alisikiliza. Aliongeza laki moja na arobaini kwa sababu ya muda kurefushwa, deni likawa milioni moja na laki nne na arobaini, miezi minane. Sikuipenda nyongeza ile, lakini niliijua kabla ya kusaini. Na sikuondoka mpaka ratiba mpya ilipopigwa muhuri, kwa sababu maneno ya ofisini afisa akihamishwa yanahama naye. Leo nimelipa marejesho 19. Yamebaki matano, laki tatu. Wiki hii mwezi unapevuka, sidaiwi kitu mpaka Jumatatu ijayo.

Sasa ya kwako. Wifi yako alipopita hapa mwezi uliopita alinidokeza mawili matatu, usimlaumu, ana wasiwasi na wewe. Aliniambia una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, una mtu huko Tabora aliyekukopesha na anayeshikilia kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, na hizi programu za simu, ambazo hakujua ni ngapi.

Anza na salari slipu yako. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Tazama kinachobaki kweli baada ya makato, kisha tazama yule mwenye kadi anachota kiasi gani kabla wewe hujafika kwenye mashine. Hiyo ndiyo mbalamwezi yako, somo yangu. Wewe mshahara unaingia mara moja kwa mwezi, na programu zile zinadai kila wiki, wakati mwingine kila wiki mbili. Hata ungekuwa na nidhamu ya malaika, ratiba hiyo itakukopesha tena kila katikati ya mwezi.

Mwenye kadi, nenda na mtu mzima unayemwamini. Muulize leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe nayo, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea akiba, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha na unachotozwa. Mwombe aandike ulichochukua, ulicholipa, kilichobaki. Mpe kiasi unachoweza kila tarehe ya mshahara, kwa njia inayoacha kumbukumbu, na udai kadi yako. Akikataa, mwandikie barua hayo hayo, baki na nakala, kisha nenda benki ukabadilishe namba ya siri. Sikwambii umdhulumu. Sikwambii hata kidogo. Lakini mshahara wa watoto wako hauwezi kulala mfukoni mwa mtu mwingine.

Zile programu, angalia majina yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Iwe imo au haimo, fedha uliyochukua ni ya mtu, irudishe. Ila tusi lile si sehemu ya deni. Kutangaza deni lako kwa watu waliomo kwenye simu yako ni kuchezea taarifa zako, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Ujumbe niliotumiwa sijaufuta, nimeutunza kwa ajili yako. Na wewe usifute wa kwako, hata kama unakuchoma. Usikope kwenye ya nne kulipa ya tatu. Hapo ndipo uliposhikwa.

Na mwambie mwalimu mkuu wewe mwenyewe, kabla hawajampigia. Halafu mwambie shemeji. Najua hilo ndilo zito. Mimi nilimpa wangu daftari kwa sababu mdomo ulikataa.

Unakumbuka Tabora Wasichana, wenye sukari walivyokuwa wakikopesha kikombe kimoja urudishe viwili? Kidato cha pili nilikuwa sina hata cha kuweka kwenye uji, na wewe ulinimiminia yako nusu kwa nusu muhula mzima, wala hukuwahi kunihesabia. Kwa hiyo usiniandikie kwamba unaona aibu mbele yangu.

Kijana amebeba kifurushi: dagaa kilo mbili na chupa ya mawese. Ndani ya dagaa kuna bahasha, elfu hamsini. Si mkopo. Usilipe nayo deni lolote, nunua chakula cha futari na vocha. Na kuna daftari jipya. Andika kila kitu, hata yale uliyokopa kwa walimu wenzako, elfu tano tano.

Jumamosi hii, tarehe 15, saa tatu na nusu usiku, baada ya tarawehe, washa simu. Nitapiga mimi, namba unaijua. Za wengine usipokee usiku huo. Uwe na daftari mkononi, tutaanza kuhesabu pamoja kuanzia ukurasa wa kwanza.

Nisalimie watoto na shemeji.

Ni mimi,
Somo yako