Amani ya dini ianzie machinjioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie wito ambao hurudiwa magazetini kila uchaguzi unapokaribia, kwamba viongozi wa dini wahubiri amani. Sina ugomvi na wito huo. Hata hivyo, katika miaka 32 niliyofanya kazi ya kukagua nyama katika wilaya mbalimbali za Kanda ya Ziwa, sikuwahi kuona ugomvi wa kidini uliozimwa na mahubiri. Niliuona mmoja tu uliokwisha kabisa, na waliomaliza ni shehe na mchungaji waliokubali kuketi juu ya kreti za soda nje ya bucha wakazungumza habari za nyama.

Wasomaji wako wengi watakumbuka yaliyotokea Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ambako mchungaji mmoja aliuawa katika vurugu zilizotokana na swali la nani achinje mnyama ambaye nyama yake itauzwa kwa watu wote. Kwa miongo mingi swali hilo lilikuwa na jibu ambalo hakuna aliyehitaji kulitamka: achinje Mwislamu, kwa kuwa yeye hali nyama ambayo haikuchinjwa kwa utaratibu wa dini yake, ilhali Wakristo walio wengi nyama hiyo huila bila taabu. Ulipofika wakati ule, baadhi ya Wakristo walihoji kwa nini kazi inayohusu umma ihodhiwe na waumini wa dini moja katika nchi ambayo Katiba yake, ibara ya 3, inasema haina dini, na wengine wakaanza kuchinja wenyewe na kuuza. Baadhi ya Waislamu nao wakaona kwamba jambo ambalo kwao ni sharti la imani limegeuzwa kuwa shindano. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ndiyo maana suala lile lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana kwa watu wa mbali. Serikali iliwataka wananchi waendelee na utaratibu uliozoeleka, joto likashuka, na mazoea yakabaki kuwa mazoea.

Mimi wakati huo nilikuwa katika mji mdogo ambao sitautaja, kwa sababu wengi wa waliohusika wangali hai na wameshasameheana. Machinjio yetu yalikuwa banda la bati lenye sakafu ya saruji, kulabu nane na bomba moja lililotoa maji likipenda. Kazi ilianza saa kumi alfajiri. Ng'ombe hufungwa miguu, hulazwa kwa ubavu, akaelekezwa kibla, mchinjaji akasema bismillahi na kupitisha kisu. Kisha wachunaji, ambao nusu yao walikuwa Wakristo, huingia kazini, na mimi hupasua tezi, hupapasa mapafu, hukata ini kutafuta minyoo, na mwisho hugonga muhuri wa wino kwenye paja. Mwenye bucha hawezi kuuza nyama isiyo na muhuri huo, na muhuri huo hauulizi dini ya mtu.

Asubuhi moja nilikuta ng'ombe wawili waliokwisha kuchunwa wametundikwa kwenye kulabu za mwisho, na nje wamesimama watu makundi mawili, kila kundi likitaka nigonge muhuri kwa ng'ombe wake na nimkatae wa wenzao. Niliwakagua wote wawili. Wote walikuwa salama, isipokuwa ini moja lililojaa minyoo, ambalo nililitupa kama nilivyokuwa nikitupa maini ya aina hiyo kila wiki. Nilipogonga muhuri mara mbili nilitukanwa na makundi yote mawili, na nikilitazama jambo hilo sasa naona kwamba ndilo lilikuwa la kwanza walilokubaliana.

Aliyeita kikao hakuwa kiongozi wa dini. Alikuwa mwenyekiti wa soko, ambaye alibanwa na mama lishe waliokaa siku nne bila kupika nyama huku wateja wao wa dini zote wakihamia kwenye dagaa. Shehe alikuja, mchungaji akaja, wenye mabucha wakaja, mchinjaji akaja na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti. Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwa kulaumiana. Baada ya hapo mama lishe mmoja, mtu mzima ambaye hakuna aliyethubutu kumkatiza, aliuliza swali ambalo sisi wote tulikuwa tumelikwepa: kabla ya haya, fulani na fulani walikuwa wanadaiana nini? Ikabainika kwamba mwenye bucha mmoja hakuwa amemlipa mchinjaji ujira wake kwa miezi miwili, mchinjaji akagoma kumchinjia, na mwenye bucha, badala ya kulipa, akamtafuta kijana wa kwaya amchinjie. Ugomvi wa deni ulikuwa umevaa kanzu upande mmoja na joho upande wa pili.

Sisemi kwamba deni lilikuwa ndilo jambo zima. Lingekuwa hivyo, lingelipwa na watu wakaenda kulala. Watu walikuwa wamekwisha kuumizana kwa maneno, na zaidi ya yote walikuwa wameumizana kwa maandiko. Mitaani, Wakristo walikuwa wakiwasomea Waislamu aya ya sura ya Al-Maida inayohalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na Waislamu walikuwa wakiwasomea Wakristo maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, kwamba wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Kila upande ulikuwa umehifadhi kwa moyo aya ya jirani inayomtaka jirani alegeze. Jioni ile mchungaji alifungua Biblia yake mwenyewe, akawageukia waumini wake mwenyewe, akawasomea maneno yale yale ya Paulo, na kwa kuwa yalitoka kinywani mwake hayakusikika tena kama kejeli. Shehe alimsubiri amalize. Akasema kwamba wanazuoni wameweka masharti katika kuifasiri aya ya Al-Maida, kwamba yeye asingewaambia watu wake wale nyama wasiyoijua asili yake, lakini kwamba Mkristo anayechinja ng'ombe wa harusi ya mwanawe au wa sikukuu ya kanisa lake hajauchokoza Uislamu, na kwamba asisikie mtu akisema vinginevyo mlangoni pa msikiti.

Makubaliano yenyewe yalikuwa mafupi. Nyama ya kuuzwa sokoni ichinjwe kama ilivyozoeleka. Ujira wa mchinjaji uwe mmoja kwa wote na uandikwe kwenye mlango wa machinjio, mchinjaji asimkatalie mtu kwa sababu ya dini yake, na deni lilipwe kabla ya Ijumaa. Kwa wiki mbili shehe na mchungaji walikuja machinjioni pamoja alfajiri, mchungaji akiwa na koti la mvua lililomfika magotini, wakasimama pembeni bila kutoa hotuba yoyote. Wiki ya tatu hawakuja, na hakuna aliyeuliza.

Nimeandika kwa urefu juu ya kisa hiki kidogo kwa sababu naona mjadala wetu kuhusu dini na amani hukaa juu mno. Tunajua dini inaweza kufika wapi ikiharibika. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoketi hapa kwetu Arusha, ilimtia hatiani padri Athanase Seromba kwa sehemu yake katika kubomolewa kwa kanisa lake la Nyange, Aprili 1994, likiwa na Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia humo kwa kuamini kwamba kanisani hawataguswa, na mwaka 2008 rufani ikampa kifungo cha maisha. Bila shaka katika kanisa lile amani ilikuwa imehubiriwa Jumapili nyingi.

Upande wa pili tunao mfano wa jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda. Waasi wa Joseph Kony walidai kupigania Amri Kumi za Mungu huku wakiteka watoto, hata ikawa kila jioni maelfu ya watoto hutembea kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu. Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Kanisa Katoliki, Askofu mstaafu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Uganda na viongozi wenzao wa dini walitoka majumbani mwao wakalala nje na watoto hao kwa siku nne mfululizo. Ochola alikuwa amempoteza mkewe kwa bomu la ardhini mwaka 1997. Viongozi wa umoja wao, Waislamu wakiwemo, walikuwa wamekwisha kupigania Sheria ya Msamaha iliyopitishwa mwaka 2000, na baadhi yao waliwahi kuingia porini kuonana na waasi, jambo lililowafanya washukiwe na jeshi na waasi pia. Ninaona shehe na mchungaji wa mji wetu mdogo walikuwa watu wa aina hiyo, kwa kipimo cha soko letu.

Sasa nizitazame kamati zetu za amani za viongozi wa dini. Nikiwa mtumishi wa halmashauri nilihudhuria vikao viwili vya kamati hizo. Kulikuwa na dua na sala za kufungua, salamu za mgeni rasmi, mada moja ndefu, tamko lililoandikwa kabla ya kikao, chakula cha mchana na posho ya nauli. Mwenye bucha hakuwemo, mchinjaji hakuwemo, wala mama lishe, isipokuwa wale waliokuwa wakipakua. Pilau ilikuwa na nyama nyingi, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyeuliza nani kamchinja ng'ombe, kwa kuwa kila mmoja alijua.

Ombi langu kwa halmashauri ni kwamba utaratibu wa kuchinja nyama ya soko uandikwe katika sheria ndogo, pamoja na ujira na njia ya kupeleka malalamiko. Wapo watakaosema kwamba ibara ya 19 ya Katiba imeziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Ni kweli, lakini bucha si jumuiya ya dini. Bucha hulipa ushuru na hukaguliwa. Kwa maoni yangu nyama ya soko la wote ibaki katika utaratibu wa zamani, na anayetaka kuuza iliyochinjwa vinginevyo aandike hivyo mlangoni kwa herufi zinazosomeka, kama wauza kitimoto, ambao miaka yote wanaeleweka wanauza nini.

Na kwa wajumbe wa kamati ya amani ya wilaya ninayoishi sasa, ambao nasikia watakutana tena mwezi ujao: machinjio yetu bado hufunguliwa saa kumi alfajiri. Waje na viatu vya mpira, kwani maji hutuama mlangoni.

Wako,
Mkaguzi wa nyama mstaafu,
Mwanza