Likizo hii, watoto wa awali wapewe ungo badala ya daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, na zaidi wamiliki na walimu wa shule za awali, kuhusu jambo linalojirudia kila shule zinapofungwa. Mtoto wa miaka minne au mitano anarudi nyumbani na kabrasha la kazi za likizo, kurasa kwa kurasa za kunakili herufi na kujaza namba, na mzazi anatakiwa kutia saini kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Nilifundisha darasa la awali hadi nilipostaafu, na sasa ninalea wajukuu, kwa hiyo kabrasha hilo ninalifahamu vizuri, pamoja na machozi yanayoliandama. Pendekezo langu ni kwamba liondolewe, na mahali pake mtoto apewe kazi za jikoni za kufanya na watu wa nyumbani kwao.

Sisemi hivyo kwa kudharau masomo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na mwalimu yeyote aliyesomea kazi hii anajua kwamba mtoto wa umri huo hujifunza kwa kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapoorodhesha yale ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto, inaanza na chakula, malazi na mavazi, na katika orodha hiyohiyo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Kwa mtoto mdogo, jikoni ni mahali ambapo chakula, mchezo na somo vinaweza kupatikana kwa wakati mmoja, na bila ada.

Chukulia kazi ya kuchambua maharage, ambayo katika nyumba nyingi hufanyika karibu kila wiki. Mtoto akitandikiwa mkeka na kuwekewa ungo, atatoa mawe, makapi na punje zilizobunguliwa, kisha atatenga nyekundu na za njano, na kila punje ataiokota kwa kidole gumba na cha shahada, yaani vidole vilevile atakavyoshikia penseli. Mwambie apange mafungu ya punje kumikumi. Atahesabu kwa makini kuliko anavyohesabu mipira iliyochorwa kwenye daftari, kwa sababu hizi anazigusa. Jioni apime kikombe kimoja, ayaloweke, na asubuhi ajaribu kuyarudisha katika kikombe kilekile. Hayataenea. Muulize kama maharage yameongezeka idadi au yameongezeka ukubwa, kisha nyamaza umsikilize. Mjukuu wangu mmoja alishikilia kwamba usiku yamezaa, akaanza kuyahesabu upya ili anithibitishie.

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto wa familia za wafanyakazi maskini kazi za kumimina, kufagia, kuosha na kuandaa meza, akaona utulivu na umakini wao unavyokua. Leo kuna shule zinazotoza ada kubwa kwa kutumia jina lake, zenye sinia za mbao zilizoagizwa kutoka ng'ambo ili mtoto ajifunze kuhamisha nafaka kutoka bakuli moja kwenda jingine, wakati ungo, kipekecho na kifumbu vimetundikwa ukutani kwa bibi yake.

Hapa kwetu Tanga, somo ninalolipenda kuliko yote ni la tui. Kukuna nazi si kazi ya mtoto, kwa kuwa meno ya mbuzi ni makali, lakini kukamua anaweza, na mikono yake itapata nguvu zinazohitajika kuandika. Tui la kwanza ni zito, la pili ni jepesi. Aone kwamba jepesi ndilo linalotangulia katika chungu cha kuchemshia, na zito linatiwa mwishoni, linakorogwa lisikatike. Siku nyingine mwombe asimulie mapishi hayo kuanzia mwanzo. Atalazimika kutumia "kwanza", "halafu" na "mwishowe", na atakuwa na vitenzi vya kila hatua: kukuna, kukamua, kuchuja, kukoroga, kuepua. Kwenye chapati kuna hesabu ya kuzidisha. Nyumbani mko watu sita, kila mmoja anakula mbili, je, tukate madonge mangapi? Akikosea, kuna mtu atakayekula moja, na kosa hilo litajadiliwa mezani.

Najua hofu ya moto, na ni hofu ya haki. Kazi ninazozitaja zifanyike mkekani au mezani kabla jiko halijawashwa, na mafuta ya kukaangia, maji yanayochemka, kisu na mtungi wa gesi vibaki kwa watu wazima. Wanaoishi katika nyumba za kupanga, ambako kila mpangaji anapikia kwenye korido, wawe waangalifu zaidi, maana jiko la jirani nalo linaunguza. Mikono ioshwe kwa sabuni. Karanga mtoto anaweza kuzichambua akisimamiwa, lakini asiachwe azitafune nzima, kwa sababu zinaweza kumpalia. Na zile zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe kabisa, kwani ndizo zinazoshukiwa kuwa na sumukuvu. Mtoto aliyezoea kutenga karanga mbaya amejifunza kuangalia, na familia nzima imefaidika.

Wapo watakaosema hawana muda, na unga ni ghali, utamwagika. Utamwagika kweli. Apewe donge moja dogo la kuchezea. Akilisukuma likatoka na umbo la ramani ya Afrika, lipikwe hivyohivyo na ale yeye. Kuhusu muda, tuseme wazi kwamba mjini anayeshinda jikoni mara nyingi ni dada wa kazi, ambaye ameagizwa asimruhusu mtoto kusogea na amwashie katuni. Maagizo hayo yabadilishwe, na dada aelezwe sababu, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa mwalimu. Watoto wa kiume wasiachwe nje. Hakuna mila ninayoijua inayomkataza mvulana wa miaka mitano kumenya njegere, na baba anayeshinda nyumbani Jumapili anaweza kukaa naye mkekani.

Kinachotukwamisha, kwa maoni yangu, ni usaili wa kuingia darasa la kwanza katika baadhi ya shule binafsi. Mtoto wa awali anaketishwa peke yake na karatasi, anaandikishwa maneno na kujibu hesabu, na matokeo yake yanaamua kama atapata nafasi. Mzazi aliyelipa ada anataka kuona daftari limejaa ili awe na uhakika, mwenye shule anajua mzazi anapenda nini, na mwalimu anatekeleza. Lawama zote tukimtupia mwalimu tutakuwa tumemwonea.

Kwa hiyo ninaziomba shule za awali, zitakapofunga mwezi wa Desemba, zitume ukurasa mmoja tu kwa wazazi, wenye kazi chache kama hizi, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi ili dada wa kazi na bibi nao wausome, pasipo nafasi ya kutia saini. Shule za msingi zinazofanya usaili ninaziomba ziache karatasi, na badala yake mwalimu akae na mtoto kwa dakika chache amwombe amweleze jinsi chakula fulani kinavyopikwa kwao. Katika maelezo hayo mwalimu atasikia msamiati wa mtoto, mpangilio wa mawazo yake, namna anavyohesabu na kupima, na kama nyumbani kuna mtu anayezungumza naye.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga