Risala ya Wanafunzi na Wahitimu wa Vyuo Vikuu wa Malindi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, mama zetu, viongozi wa dini na wenzetu vijana: assalamu alaikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kutusikiliza leo, tarehe 10 Oktoba. Tunayokuletea ni mambo ya mwaka 2020, na huenda wapo watakaosema korona imeshapita, ya nini kuifukua. Sisi tuliokuwa wanafunzi wakati ule tunajua kwamba baadhi yetu hawajapona hadi leo.

Mheshimiwa, kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikaamriwa shule na vyuo vifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Aliyekuwa na nauli alirudi nyumbani na begi moja, vitabu akaviacha akidhani ni wiki mbili tatu tu. Asiyekuwa nayo alibaki katika chumba cha kupanga, akingoja mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, au mjomba amrushie chochote kwa M-Pesa. Kisha tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, na siku mbili baadaye Mombasa, Kwale na kaunti yetu ya Kilifi. Wenzetu waliokuwa Nairobi na Mombasa wakakwama huko, wenye nyumba wakiwadai kodi. Nasi wa huku tukakwama huku, hadi Kilifi ilipofunguliwa mwezi Juni.

Tunaomba usikie hali ilivyokuwa majumbani, maana huko ndiko maradhi yalikoanzia. Malindi hula kwa wageni. Waitaliano walipoacha kuja, hoteli zilifunga milango, na baba mpishi, mama mfua mashuka na kaka wa tuktuk wote wakawa wa kushinda barazani. Kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri iliwabana hata wavuvi wa usiku. Ndani ya nyumba hiyo ya vyumba viwili, watu wanane, hakuna anayeleta kitu, ndimo mwanafunzi alimotakiwa kusomea.

Mwenzetu mmoja wa Maweni ameturuhusu tuseme habari zake bila kumtaja jina. Alisoma kwa simu ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka, akiwa amekaa chini ya mwarobaini ulio nyuma ya nyumba kwa sababu mtandao ulishika hapo tu. Simu hiyo hiyo ndiyo iliyopokea oda za mahamri, kwa hiyo kila mteja alipopiga, mhadhara ulikatika. Bando la shilingi 50 halikufika mwisho wa somo, na kila alipolinunua alijua ni hela ya mboga imekwenda. Ikafika siku akaacha kuomba hela ya bando. Halafu akaacha kukaa na wenzake. Ramadhani ile, misikiti ikiwa imefungwa, alikuwa akifuturu peke yake chumbani. Wengine nyumbani wakasema usomi umempanda kichwani, wengine wakasema ana jini, akasomewa. Sisi dua hatuzidharau, tunaziomba kila siku. Lakini daktari aliyemwona mwaka uliofuata alisema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na ilikuwa imeshamkalia muda mrefu.

Kwa wasichana mambo yalizidi. Mhadhara wa asubuhi uliangukia saa za kuteka maji na kupika, na binti aliyeshika simu alionekana mvivu. Kuna waliokatiwa shauri la kuolewa, na chuoni hawakurudi.

Na wangemwambia nani? Wakati ule sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kijana aliyefikiwa na mawazo hayo aliogopa kufungua kinywa hata mbele ya muuguzi, asije akajikuta kituo cha polisi. Tulifarijika sana Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Hata hivyo hofu bado ipo mitaani. Ukionekana unaingia kwa mshauri nasaha asubuhi, jioni habari zako zimeshafika sokoni.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. La kwanza ni mshauri nasaha wa kudumu hapa Malindi, mwenye chumba chenye mlango unaofungika, na saa za jioni kwa wanaofanya vibarua mchana. Miongoni mwetu wamo wahitimu wa saikolojia walio tayari kujitolea chini yake. La pili ni ukumbi wa kusomea wenye umeme na intaneti, maana hata bila korona wapo wenzetu waliosimamisha masomo kwa kukosa karo, na wanashinda katika vyumba vile vile. Kama fedha zinatosha jambo moja tu, tupeni mshauri nasaha kwanza.

Nanyi wazazi wetu, kijana akinyamaza siku nyingi, tafadhali msimwache. Kaeni naye, mumuulize, na akilia msimwambie ajikaze.

Mheshimiwa, barua yenye maombi haya tumeiandaa. Tutashukuru ukitutajia, kabla hujaondoka, ofisi ya kuipeleka na mtu wa kumfuata baada ya mwezi mmoja.

Ahsante sana.

Ni sisi, wanafunzi na wahitimu wa vyuo vikuu, Malindi.